Maswali ya Wasomaji: Adui Asiyeshindika na Haki ya Mchezaji Kuchagua

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni msimamizi wa mchezo wa Dungeons & Dragons kwa kikundi cha marafiki watano hapa Nairobi. Tunatumia kisa cha Lost Mine of Phandelver, kile kilichotoka mwaka 2014 ndani ya sanduku la wanaoanza. Wahusika wao walipofika ngazi ya 3, yaani hatua za awali za kukua kwa mhusika, waliingia katika kijiji kilichohamwa cha Thundertree, wakaenda moja kwa moja hadi kwenye mnara linamoishi joka la kijani. Kwa kuwa muda ulikuwa umetubana, nilimruka mzee Reidoth, yule mwenyeji wa kijijini ambaye kitabu kinamtaja. Nilitarajia kwamba wakiliona joka watakimbia, lakini walipigana, na wahusika watatu wakafa. Mchezaji mmoja alifunga daftari lake akasema nimewaua makusudi na kwamba hawakuwa na chaguo lolote. Mimi naona chaguo lilikuwapo: wangekimbia. Je, ni kosa kuweka adui asiyeweza kushindwa? Nauliza pia kwa sababu sehemu inayofuata, ambayo nimeitunga mwenyewe, inataka wakamatwe na kutiwa gerezani, na nimeandaa kikosi cha walinzi ambacho hawatakiweza kwa namna yoyote.
*Msimamizi, Nairobi*

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa jioni iliyoharibika. Kabla sijakujibu, niwaeleze kwa ufupi wasomaji wasioujua mchezo huu kwamba wachezaji huketi mezani, kila mmoja akasema mhusika wake anafanya nini, msimamizi akaeleza dunia iliyowazunguka pamoja na maadui waliomo, na pale ambapo matokeo hayana uhakika, dadu zikaamua. Hakuna ubao wa kufuata wala mstari wa kumalizia, na kwa hiyo utamu wote uko katika kuamua, na kuona uamuzi huo umezaa nini.

Kuwakutanisha wachezaji na adui anayewazidi nguvu si kosa. Mwongozo wa msimamizi wa toleo la tatu la mchezo huo, uliotolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 2000, ulipendekeza waziwazi kwamba takribani asilimia 5 ya mapambano katika kisa yawe ya kuwazidi kabisa wahusika, yaani mapambano ambayo jibu lake la busara ni kuondoka mbio. Dunia ambamo kila adui amepimwa akakatwa kwa kimo cha wachezaji ni dunia isiyo na haja ya kufikiri, kwa sababu mchezaji akishajua kwamba chochote atakachokutana nacho kinapigika, hana sababu ya kupeleleza, kujadiliana, kujificha wala kuahirisha. Kosa ni jambo jingine: ni msimamizi kuamua matokeo mapema, kisha akawaomba wachezaji watupe dadu kana kwamba bado hayajaamuliwa. Kwa kipimo hicho, joka lako lina nafuu. Walinzi wako ndio wanaonitia wasiwasi, nami nitawafikia.

Tuanze na joka. Waandishi wa kisa hicho hawakulitupa pale lizibe njia. Waliliweka katika mnara ambao kisa hakimlazimishi mtu kuuingia, wakamweka Reidoth kijijini awaonye wageni juu ya kinachokaa humo, na wakaeleza kwamba joka hilo likipunguziwa nusu ya uhai wake huruka likaenda zake. Kwa maneno mengine, hata pambano lenyewe halikudai joka lenye pointi 136 za uhai (kipimo cha madhara ambayo kiumbe anaweza kuyavumilia) liuawe, bali lichoshwe hadi lione mnara haustahili taabu hiyo. Ulipomruka mzee yule ili kuokoa muda, ulibakiza hatari na kuondoa habari zake. Mchezaji wako amekosea kusema umewaua makusudi, lakini hakukosea kusema hakuwa na chaguo, maana mtu asiyejua kilichomo nyuma ya milango miwili na akafungua mmoja hakuchagua, alibahatisha.

Utaniambia kwamba joka ni joka, na kila mtu anajua linatisha. Ndiyo, lakini katika mchezo huu kuna majoka ya kila ukubwa, na jina la mchezo lenyewe (Dragons ni majoka) linawaahidi wachezaji kwamba siku moja watapigana nalo. Wangejuaje kwamba siku hiyo haijafika? Tazama hesabu ambayo wewe ulikuwa nayo mbele yako na wao hawakuwa nayo. Pumzi ya sumu ya joka changa la kijani hutoa madhara ya wastani wa pointi 42 kwa asiyefaulu kujikinga. Mpiganaji wa ngazi ya 3 mwenye pointi 28 za uhai ataanguka, lakini bado anaweza kuokolewa. Mchawi wa ngazi hiyohiyo mwenye pointi 17 hali yake ni tofauti: ukitoa 17 katika 42 zinabaki 25, na kwa kuwa masalio hayo yanazidi uhai wake wote akiwa mzima, kanuni za toleo la tano, ambalo ndilo la sanduku lako, zinasema amekufa papo hapo, bila hata nafasi ya kutupa dadu ya kupigania roho yake. Pumzi moja inatosha. Wahusika wako wamezaliwa na kukulia katika nchi yenye majoka, na jambo hili wanalijua tangu utotoni. Wachezaji wako wamekulia Nairobi. Ni wajibu wa msimamizi kuziba pengo hilo kwa kusema waziwazi mezani, kabla dadu hazijatupwa: "Nyote mnajua kwamba pumzi ya kiumbe huyu inaweza kumuua mchawi wenu kwa mara moja. Mnafanya nini?" Wako wasimamizi wanaoona kwamba kusema hivyo ni kuharibu utamu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kikundi kinachosikia maneno hayo kisha kikasonga mbele kimefanya uamuzi wa kukumbukwa, na wakifa, hakuna atakayekulaumu.

Dalili za fumbo hazitoshi. Msimamizi akieleza mifupa iliyotapakaa na miti iliyonyauka, yeye anaona onyo, lakini mchezaji anaona mapambo, kwa sababu kila pango katika mchezo huu lina mifupa. Ukitaka kutumia dalili badala ya kauli ya moja kwa moja, basi onyesha nguvu ya adui ikitenda kazi juu ya kitu ambacho wachezaji wamekwisha kukipima wenyewe. Kama jana walihangaika kwa saa nzima kumuua dubu, leo waonyeshe dubu wa aina ileile akiwa amekatwa vipande viwili.

Sasa nije kwenye hoja yako kwamba wangekimbia. Hili nalifafanua kwa kirefu kwa sababu wasimamizi wengi hulaumu wachezaji kwa ukaidi, kumbe wachezaji wamepiga hesabu vizuri kuliko wao. Mhusika wa kawaida katika toleo la tano hutembea futi 30 kwa zamu moja, na akitumia zamu yake yote kukimbia anafika futi 60. Joka lako huruka futi 80 bila kujitahidi. Zaidi ya hayo, anayejitoa tu karibu na adui bila kutumia zamu yake kujihami humpa adui nafasi ya kumpiga akigeuza mgongo. Ongeza kwamba mara mwenzao wa kwanza alipoanguka sakafuni, kukimbia kulikuwa na maana ya kumwacha. Kwa kanuni zilivyo, kubaki na kupigana kulikuwa na matumaini madogo, na kukimbia hakukuwa na hata hayo madogo. Njia uliyoiona wewe ilikuwapo kichwani mwako tu, wala haikuwapo mezani.

Watunzi wengine walikwisha kuliona tatizo hili. Katika kitabu cha msingi cha Dungeons & Dragons cha mwaka 1981 kulikuwa na kanuni ya wanaofukuzwa: wakidondosha hazina mbele ya kiumbe anayeipenda, msimamizi hutupa dadu ya pande 6, na ikitoka 1 hadi 3, kiumbe huyo husimama kuiokota; kwa wanyama wenye njaa, chakula hufanya kazi hiyohiyo. Kanuni ndogo kama hii hugeuza mbio kuwa uamuzi wenye gharama, kwa sababu mchezaji anajiuliza kama yuko tayari kuagana na dhahabu aliyoisumbukia. Mchezo wa 13th Age wa mwaka 2013 umekwenda mbali zaidi, na mimi naupenda kwa ujasiri wake. Mchezaji yeyote, zamu yake ikifika, anaweza kupendekeza kwamba kikundi kizima kikimbie. Wenzake wakikubali, wote wanaponyoka, pamoja na walioanguka, bila kutupa dadu yoyote. Gharama yake ni kwamba kikundi kinapata hasara katika kisa chenyewe: kijiji walichokuwa wakikilinda kinateketea, au mwovu waliyekuwa wakimfuatilia anatimiza hila yake. Unaweza kuichukua kanuni hiyo kama ilivyo na kuiingiza katika mchezo wako Jumamosi ijayo. Waeleze tu wachezaji kabla, maana mlango wa dharura usiojulikana ulipo haumsaidii mtu.

Kuhusu kikosi chako cha walinzi, nakusihi ukiache. Umetaka wakamatwe, na ukiwapa nafasi ya kutupa dadu wataamini kwamba dadu hizo zina kazi. Watatumia dawa zao za mwisho, watabuni mbinu, mmoja atapanda juu ya paa, na kila watakapofanikiwa utalazimika kuongeza walinzi wengine kutoka uchochoroni. Wachezaji si wajinga. Wataona wanaburuzwa, na tangu hapo hawatajisumbua tena kubuni kitu, kwa kuwa wameshajifunza kwamba ubunifu wao haubadilishi neno.

Mfano wa tabia hii ni wa zamani. Katika mfululizo wa visa vya wafanyabiashara wa watumwa, uliotumika kwanza katika mashindano ya GenCon, mkutano wa wapenda michezo huko Marekani, mwaka 1980, kisa cha tatu kilikwisha kwa wahusika kukamatwa, wapende wasipende, kwa sababu cha nne, In the Dungeons of the Slave Lords cha Lawrence Schick, kilihitaji waanze wakiwa mapangoni, wamenyang'anywa silaha na mali yote. Ajabu ni kwamba hicho cha nne ni kisa kizuri mno. Mtu asiye na kitu, anayetengeneza rungu kwa alichookota gizani, ana maamuzi mengi ya kufanya na yote yana uzito. Uchungu wa wachezaji ulitokana na namna walivyofikishwa humo. Kwa hiyo, ukihitaji gereza, anza gerezani. Waambie wenzako: "Nina wazo la kisa kinachoanza mkiwa kifungoni. Mnaonaje, na mlikamatwaje?" Wape wao kazi ya kusimulia walivyonaswa. Utashangaa watakavyojitwika makosa ambayo wewe usingethubutu kuwabebesha.

Ikiwa ni lazima pambano la kushindwa lichezwe, basi aliyeshindwa apate kitu. Katika Hoard of the Dragon Queen, kisa kingine cha mwaka 2014, mwanajeshi mwenye damu ya joka aitwaye Cyanwrath hujitokeza mbele ya ngome ya mji wa Greenest akiwa na mateka, akataka mlinzi mmoja atoke wapigane wawili tu, nao mateka wataachiliwa. Yeye ana pointi 57 za uhai, na wahusika ndio kwanza wameanza safari, kwa hiyo yeyote atakayetoka karibu hakika ataanguka. Wengi hulilaani pambano hilo, na lawama zao zina msingi, kwa kuwa kisa hakiwapi wachezaji njia nyingine yenye maana. Hata hivyo, lina jambo moja ambalo walinzi wako hawana: linawauliza wachezaji swali la kweli. Nani atatoka? Yuko tayari kupigwa ili wale waachiliwe? Anayekubali anajua anachokiuza na anachokinunua. Nimeona wasimamizi wakiliboresha kwa kuhesabu raundi ambazo mlinzi amesimama, na kwa kila raundi watu kadhaa zaidi wa mji wakapata kuvuka hadi ngomeni. Hapo hata anayepigwa ana sababu ya kung'ang'ania raundi moja zaidi.

Kazi hii ya usimamizi ina nasaba yake. Michezo ya vita ya maofisa wa Prussia, ambayo Georg von Reisswitz aliichapishia kanuni mwaka 1824, ilikuwa na mwamuzi aliyeficha kile ambacho kila upande haukustahili kukiona. Kitabu cha Kimarekani cha Strategos cha mwaka 1880 kikampa mwamuzi uwezo wa kupokea jaribio lolote ambalo mchezaji angelitamka, hata kama halimo kanunini. Kutoka humo David Wesely, huko Minnesota mwishoni mwa miaka ya 1960, alipata mchezo wake wa Braunstein; rafiki yake Dave Arneson akauhamishia katika nchi ya kubuni ya Blackmoor, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons. Mwamuzi aliwekwa mezani ili mchezaji aweze kujaribu jambo ambalo mtunzi hakuliwaza. Msimamizi anayejua mwisho kabla ya kuanza ameiacha kazi hiyo.

Kuhusu wale watatu waliokufa, usiwafufue kimyakimya. Kiri mezani kwamba habari za joka hazikuwafikia, kisha uwaulize wanapendelea nini: kurudia jioni ile kuanzia lango la kijiji, kuunda wahusika wapya, au kuwafanya walionusurika wawatafute wenzao mikononi mwa mtu aliyewaokota. Waamue wao.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Msimamizi wetu hutupa dadu nyuma ya kiwambo cha kadibodi. Hivi karibuni nilipopita nyuma yake kuchukua chai niliona dadu ya pande 20 imetoa 20, yaani pigo la hakika, naye akatangaza kwamba adui amekosa. Nimemwuliza, akasema hataki tufe. Sasa kila tunaposhinda sifurahi. Je, ninamwonea?
*Mchezaji, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Humwonei. Adui asiyeweza kushinda ana kasoro ileile ya adui asiyeshindika: mmeamua jambo, na uamuzi wenu haukuwa na kazi. Ulipotumia dawa yako ya mwisho kumponya mwenzako badala ya kujiponya wewe, ulidhani umejitoa mhanga, kumbe wote wawili mlikuwa salama tangu mwanzo.

Najua msimamizi wako ana nia njema, na hamu ya kuwahifadhi wahusika si aibu. Visa vya Dragonlance, vilivyotungwa kwa ajili ya Dungeons & Dragons na ambavyo Tracy Hickman alikuwa mmoja wa waasisi wake mwaka 1984, viliwataka wasimamizi wahakikishe kwamba wahusika muhimu wakifa, kifo chao kiwe cha mashaka, mwili usionekane, ili waweze kurudi baadaye. Siipendi kanuni hiyo, lakini iliandikwa kitabuni na msimamizi angeweza kuijadili na wenzake. Mwombe wa kwenu afanye hivyo: atamke kwamba katika kampeni hii, yaani mfululizo wenu wa visa, anayeanguka hafi bali anapata jeraha la kudumu, ananyang'anywa kitu, au anabaki na deni kwa mtu hatari, kisha atupe dadu zake hadharani. Akikataa kuondoa kiwambo, angalau dadu za pambano kubwa azitupie katikati ya meza. Zungumza naye faraghani kabla ya kikao, si mbele ya kikundi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mpwa wangu amenikaribisha katika mchezo wa Call of Cthulhu, akaniambia mapema kwamba maadui wakuu wa humo hawapigiki kabisa. Kikundi chetu kimezoea kushinda. Je, mchezo usioshindika una raha gani, na utatufaa?
*Mzee wa Dadu, Mombasa*

JIBU: Mzee wangu, mpwa wako amekutendea haki kwa kukuambia mapema, na hilo peke yake linabadilisha kila kitu. Mchezo huo, uliotungwa na Sandy Petersen na kutolewa na kampuni ya Chaosium mwaka 1981, unatokana na hadithi za kutisha za mwandishi wa Kimarekani H. P. Lovecraft. Wahusika si mashujaa wenye panga. Ni wakutubi, waandishi wa habari, madaktari na wapelelezi, mara nyingi wa miaka ya 1920. Kila mmoja ana pointi za akili timamu, nazo hupungua kwa yale anayoyaona. Anayemwona Cthulhu mwenyewe, yule kiumbe wa kutisha ambaye mchezo umepewa jina lake, akashindwa kujizuia hupoteza pointi zinazoamuliwa kwa dadu ya 1 hadi 100, yaani anaweza kupoteza akili yote kwa kutazama tu. Kupigana naye si jambo la kulijadili.

Kwa sababu kila mtu anajua hivyo kabla ya kuketi, hakuna anayehisi ameporwa. Uamuzi umehamia mahali pengine: tupeleleze hadi wapi kabla hatujachungulia tusichopaswa kukiona, nani asome kile kitabu kilicholaaniwa, tuuzuie uovu huu leo kwa gharama ya nani. Kisa cha The Haunting, kinachotumiwa sana na wanaoanza, kinaonyesha jambo hilo vizuri. Kuna nyumba mjini Boston ambayo wapangaji wake wamepatwa na mabaya, na mwenye nyumba anataka ichunguzwe. Wachezaji wanaweza kuingia mara moja, au wanaweza kwanza kupitia magazeti ya zamani, kumbukumbu za mahakama na habari za mtu aitwaye Walter Corbitt aliyeishi humo. Wanaoingia kichwakichwa huumia sana. Waliosoma huingia wakijua wanamtafuta nani. Kwa hiyo usidhani kwamba humo hakuna kushinda kabisa. Kisa kimoja kimoja kinashindika, ila si kwa bunduki na mara nyingi si kwa wote waliokianza.

Kama utawafaa nyinyi, sina njia ya kujua kutoka hapa nilipo. Wachezaji wanaompenda sana mhusika mmoja na kumkuza kwa miaka huona mchezo huu unawakatili, hali wale wanaopenda kusimulia jinsi mambo yalivyoharibika huucheza wakicheka. Mwombe mpwa wako awaandalie kisa cha jioni moja chenye wahusika waliokwisha kuundwa, ili pasiwe na mtu anayemlilia mhusika aliyemtengeneza kwa wiki nzima, na mwambie aeleze kwa sauti mwanzoni ni nini hakipigiki na ni nini kinaweza kuzuiwa. Wakiupenda, endeleeni nao. Wasipoupenda, Jumamosi inayofuata mrudieni panga zenu.